Picha kwanza, kiberiti baadaye

Kiota kikionekana kwenye paa la darasa au juu ya mwembe, Handeni hata Korogwe, neno la kwanza kutamkwa huwa ni moto. Naona haraka hiyo inatugharimu. Nyigu anayejenga kiota mfano wa karatasi huwinda viwavi wanaotafuna mazao. Yule wa udongo ukutani hulisha watoto wake buibui, na ni nadra amdhuru mtu. Nyuki wadogo wasiouma, weusi, wenye kujificha ndani ya gogo, wana asali inayothaminiwa kama dawa. Nyuki wa asali wenyewe, ambao wingi wao unatisha kwa haki, wana mfugaji anayewatafuta. Na moto wa mwenge wakati wa kiangazi katika miombo ya Handeni hauishii kiotani. Picha ya simu inatosha kuwatenganisha wadudu hawa: nyuki ana manyoya, nyigu mwili wake unang'aa na kiuno ni chembamba, na kiota kinajieleza.

Wapo watakaosema ninawasukuma watu, hasa watoto, kwenye hatari. Hoja hiyo ni nzito. Nyuki wa asali akiuma huacha mwiba pamoja na harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita wenzake, na hata pumzi ya mtu huwachokoza. Kwa hiyo kiota kipigwe picha kwa mbali na mtu mzima, hata picha ikitoka hafifu. Mdudu atafutwe aliyekwisha kufa, chini ya dirisha au taa. Asogezwe kwa kijiti, maana mwiba wa mfu bado unachoma, alazwe juu ya karatasi nyeupe kando ya sarafu, apigwe picha kwa juu, ubavuni na usoni. Kundi likishashambulia hakuna cha picha, ni kukimbilia ndani na kufunga mlango. Aliyevimba uso au kubanwa pumzi awahishwe hospitali bila kusubiri mdudu atambuliwe.

Kweli, picha ina mipaka. Nyuki wa Afrika waliopelekwa Brazil mwaka 1956, baadhi wakitoka Tanganyika, ni vigumu kuwatofautisha na wa Ulaya kwa macho. Hutakiwa vipimo vya mabawa au vinasaba. Lakini mwalimu mkuu wa Mkata au Mombo hahitaji jina la kitaalamu. Anahitaji kujua kama amwite mfugaji aje na mzinga, au aache kiota cha udongo kilivyo. Afisa nyuki anaweza kumjibu kwa picha tatu za WhatsApp, mradi namba yake ibandikwe shuleni na kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji, ambako mwenye simu ya kitochi naye atapata wa kumpigia picha.