Mpango wa Herufi Kwenye Kibodi: Mtoto Asilaumiwe

Hapa Masumbwe mwalimu huandika mtihani kwa mkono, kisha huupeleka dukani kupigwa chapa. Siku hizi kompyuta zinaingia shuleni pia, na hapo ndipo tuonapo kosa la ufundishaji. Mtoto aliyekwisha kuijua alfabeti barabara huwekwa mbele ya kibodi, akaambiwa aandike jina lake. Akikawia kuzipata herufi, huitwa mzito. Twasema si mzito. Herufi alizojifunza kwa mpango mmoja amezikuta zimetawanywa kwa mpango mwingine, wala hakuna aliyemweleza sababu.

Mpango huo ulianzia Marekani, katika mashine ya kuandikia ya Christopher Latham Sholes, iliyouzwa na Remington tangu mwaka 1874. Haukutungwa kwa ajili ya Kiswahili. Tutazame sentensi hii: "Wanafunzi wanasoma darasani." Katika herufi 25, a ni 8, nayo a imeachiwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu. Q na x, tusizozihitaji katika maneno yetu, zimepewa nafasi kamili.

Je, tuubadili mpango huo? Mwaka 1936 August Dvorak alipata hataza ya mpango mwingine, wenye irabu zote tano katika mstari wa kati, upande wa kushoto. Hata hivyo ule wa kwanza ulidumu, kwa kuwa mikono ya watu ilikwisha kuuzoea. Leo ziko kibodi ambazo vifuniko vya vitufe vyake hung'olewa na kupangwa upya. Lakini kuhamisha kifuniko hakuhamishi herufi. Programu ndiyo iamuayo kila kitufe kiandike nini, nayo pia haina budi kubadilishwa.

Maoni yetu ni haya. Mwenye kibodi yake na aipange apendavyo. Ya shule iachwe ilivyo, maana mtoto atakutana na mpango uo huo dukani na ofisini. Lakini kabla hajaigusa, achore vitufe hivyo juu ya kipande cha boksi, kwa ukubwa wake halisi. Ahesabu herufi katika aya moja ya kitabu chake. Aitafute alama ya king'ong'o ya neno ng'ombe. Hayo hayahitaji umeme wala fedha.

Walimu wenzetu, mtoto akijua kwamba mpango huu ni wa watu, hatadhani tena kwamba kasoro ni yake.