Badili Mipira ya Breki

Ndugu mkulima, hapa Mtinko baiskeli hubeba gunia la alizeti, hata watoto. Breki ikishindwa, mtaumia.

Tazama mipira ya breki. Ikiwa imelika karibu na chuma, nunua mipya. Badili yote miwili ya gurudumu hilo.

Legeza nati kwa spana. Toa mipira ya zamani, tia mipya. Kama chuma kinachoshika mpira kimezibwa upande mmoja tu, zungusha gurudumu mbele. Upande uliozibwa uelekee ringi inakokwenda. Ukigeuza, mpira utachomoka ukifunga breki.

Mpira uguse ringi, usiguse tairi. Kaza nati. Futa mafuta yote kwenye ringi.

Jaribu kwanza bila mzigo, mahali tambarare. Isiposimama, usipande.