Acheni Kumwinua Mtu Aliyezimia Paredi

Wasee, leo niko na ubishi na watu watatu: mwalimu wa zamu, prifekti, na yule mtu wa nyuma ambaye kila mara husema "huyo anajifanya."

Hii stori mnaijua. Shule nzima iko paredi, bendera imepandishwa, mwalimu mkuu ameshika maikrofoni. Dakika kumi zimekuwa arobaini na jua limeanza kuchoma. Mara puu! Mtoto wa kidato cha kwanza yuko chini. Maprifekti wawili wanamshika makwapa, wanamsimamisha, mwingine anammwagia maji. Akizinduka anaulizwa kwa ukali kama alikunywa chai. Akianguka tena wiki ijayo anaitwa legelege, ama ati ana mapepo.

Mimi niliacha chuo, sijidai daktari. Lakini mambo ya moyo na mishipa ni Bayolojia ya kidato cha pili, na wanaotusimamisha juani ndio walitufundisha.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wako, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni ya mwili ukiwa umetulia. Na hauna stoo ya akiba. Damu ikikatika kabisa, fahamu zinapotea ndani ya sekunde 10 hivi. Ndiyo maana mwili umeweka ulinzi mkali. Mishipa midogo ya ubongo inajirekebisha yenyewe: presha ikishuka kiasi inapanuka, ikipanda inajibana, ili damu inayopita isibadilike sana. Kwa shingo, na kwa mshipa mkubwa unaotoka kwa moyo, kuna vihisi vinavyopima presha kila moyo ukipiga. Ukisimama, vinaambia moyo uongeze mwendo na mishipa ya chini ijibane. Wewe huko unawaza tu lanchi ni nini.

Sasa ona vile paredi inaharibu hiyo mipango. Ukisimama, nusu lita ya damu au zaidi inateremka kwa miguu na tumbo. Ukiwa unatembea, misuli ya nyuma ya miguu, chini ya goti, inaisukuma irudi juu. Ukiambiwa "simama wima, usitingishike," hiyo pampu imezimwa. Jua nalo linapanua mishipa ya ngozi, damu nyingine inaenda huko. Jasho linapunguza maji. Mnaoishi gorofa ya juu mnajua vile presha ya maji ikishuka ni nyinyi mnakauka kwanza. Ubongo ndio mpangaji wa gorofa ya juu.

Kuna mahali mfumo unafika unashindwa. Moyo unapunguza mwendo ghafla, mishipa inalegea, presha inaporomoka kupita kile kiwango ubongo unaweza kujirekebishia. Giza. Mtu anaanguka, na kule kuanguka ndiko kunamsaidia, kwa sababu sasa kichwa na moyo viko kimo kimoja na damu haina mlima wa kupanda. Kwa kawaida anazinduka ndani ya dakika moja.

Halafu nyinyi mnamwinua! Mnamrudisha kwa ile hali iliyomwangusha, ubongo wake ukiendelea kukosa damu. Anaweza hata kutetemeka mikono na miguu, kisha mnapiga nduru ati ni kifafa, mtu analeta kijiko. Wacheni kijiko jikoni.

Na kumpigia kelele msichana aliye na kizunguzungu ni kumwongezea. Akiogopa atapumua haraka haraka, kaboni dioksidi kwa damu ipungue, na ikipungua mishipa ya ubongo inajibana. Umemnyima damu kwa mdomo wako.

Najua jibu linakuja: "Sisi tulisimama masaa mawili na hatukufa. Hii ni nidhamu." Haya. Juni 2023 huko London, wanajeshi wa Uingereza walizimia wakifanya mazoezi ya gwaride mbele ya Prince William, joto likikaribia nyuzi 30, wakiwa wamevaa makoti ya sufu na zile kofia kubwa za manyoya. Hao ni askari waliofunzwa kusimama. Kama nidhamu ingekuwa inapandisha damu kichwani, wangebaki wima. Presha yako haijui wewe ni jasiri.

Kwa hivyo mtu akizimia, mlaze chali. Inua miguu yake, legeza tai, tawanyeni apate hewa. Angalia kama anapumua. Kama hapumui vizuri, itisheni msaada na muanze kumbana kifua mara moja. Na kama hazinduki haraka, ama alianguka akikimbia, ama aliumwa kifua, ama aligonga kichwa, huyo ni wa hospitali, si wa sanatoriamu ya shule na panadol. Anayezimia mara kwa mara pia apimwe. Pengine damu yake ni kidogo ama ni shida ya moyo.

Ukisikia masikio yanavuma na macho yanaingia ukungu, usingoje ruhusa ya mtu. Kaa chini. Kama huwezi, pishanisha miguu, ubane mapaja kwa nguvu.

Na walimu, kwa heshima zote: hotuba ya dakika arobaini inaweza kusemwa watu wakiwa wamekaa. Nyasi iko. Kivuli kiko. Mtoto akikaa chini kwa sababu ya kizunguzungu, hiyo isiwe kesi ya kupelekwa ofisini. Kwa nini tungoje aanguke kwa saruji na kuvunja meno ndio tuamini hakuwa anajifanya?

Prifekti ukisoma hii, kesho uko na kazi moja. Akianguka mtu, mwache chini.