Pikipiki iliyochoka miguu

Pikipiki huwalisha wengi wetu, tena hupeleka wagonjwa hospitali na watoto shuleni. Basi ikianza kurukaruka njiani, tusingoje ajali.

Tuipime hivi: tushike breki ya mbele, tukandamize usukani kwa nguvu, kisha tuachilie. Ikipanda mara moja na kutulia, ni nzima. Ikizidi kupanda na kushuka, mafuta yaliyomo ndani ya miguu ya mbele yamechoka au yamepungua. Tena tutazame zile fimbo zing'aazo. Zikilowa, mipira ya kuzuia mafuta imekwisha. Jambo hilo si dogo, kwani mafuta yakidondokea breki, haitashika.

Fedha ikiwa haba, tufuate utaratibu. Kwanza mipira na mafuta mapya, ya aina na kipimo alichoagiza mtengenezaji, sawasawa katika miguu yote miwili. Gharama yake ni ndogo, faida yake kubwa. Pili, resori za nyuma: nyingi zina pete ya kukazia kwa ngazi, na kuizungusha hakugharimu kitu. Lakini kukaza hakufufui amortisere iliyokufa. Ikivuja, tuweke akiba tununue mbili pamoja, maana moja ngumu na moja laini huyumbisha pikipiki. Wala tusidanganywe sokoni na rangi mpya juu ya chuma kikuukuu.

Baba wa nyumba akumbuke: usipoziba ufa, utajenga ukuta.