Iowa: Mahindi tele, wabunge wachache

JIMBO la Iowa linaongoza Marekani kwa kuzalisha mahindi, lakini sauti yake katika Baraza la Wawakilishi imepungua sana.

Lilipojiunga na nchi hiyo mwaka 1846 lilipewa viti 2. Kufikia 1883 lilikuwa na viti 11. Baada ya sensa ya 1930 vikabaki 9, na tangu 2013 ni 4 tu.

Si kwamba watu wamekwisha. Mwaka 1900 walikuwa milioni 2.2, mwaka 2020 milioni 3.2. Lakini viti vya baraza hilo ni 435 tu, na hugawanywa upya kila sensa ya miaka 10. Matrekta yalipunguza vibarua mashambani, na majimbo kama California yakakua kwa kasi zaidi.

Kinga ni Seneti, ambako kila jimbo lina maseneta 2. Huko, Tom Harkin wa Iowa aliongoza Kamati ya Kilimo zilipopitishwa sheria za kilimo za 2002 na 2008.

Hata hivyo, bungeni huhesabiwa vichwa, si magunia. Ndiyo maana tangu 1973 ruzuku za wakulima zimewekwa katika muswada mmoja na msaada wa chakula kwa maskini, ili wabunge wa mijini nao waunge mkono.