Skrubu Haizibi Ufa

Hoja iliyochapishwa kwamba pikipiki kongwe ya kabureta kama Honda CG125, injini inaponguruma kwa kasi ilhali mkono wa mafuta umeachiwa, itibiwe kwa kulegeza skrubu ya mzunguko wa chini, inaficha ugonjwa. Skrubu hiyo huweka tu kikomo cha kushuka kwa slaidi, yaani kizibo kinachopima hewa ndani ya kabureta. Haizibi gasketi iliyochakaa kati ya kabureta na silinda, inayoingiza hewa isiyopimwa, kupunguza uwiano wa petroli na kuichemsha injini hadi vali zidhurike. Fundi makini hukagua kwanza ulegevu wa waya wa mafuta, milimita 2 hadi 6 kwenye mkono, kisha hunyunyizia maungio maji kidogo: mlio ukibadilika, hewa inapenya hapo.