Kukua Si Kupanda Madarasa Tu



Mwaka huu nimepewa kazi ya ukiranja mkuu, na kazi hiyo hunipeleka pote katika misioni yetu: chekechea, shule ya msingi na sekondari, zote juu ya kilima kimoja. Hivyo nimepata nafasi ya kutazama jinsi mwanafunzi akuavyo, tangu afundishwapo kushika kalamu mpaka amalizapo Kidato cha Sita. Napenda kutoa maoni yangu machache.

Siku hizi watoto wa chekechea wakimaliza huvikwa majoho na kofia kama watu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Akina mama hupiga vigelegele, na picha hupigwa. Sina ugomvi na furaha hiyo. Mtoto wa miaka 6 aliyejifunza kuhesabu, na kuomba ruhusa badala ya kulia, anastahili makofi. Lakini joho hukodiwa kwa fedha, na mtoto ambaye mzazi wake hana kitu hukaa kando akiwatazama wenzake. Basi siku ile ile tunapowaambia kwamba wamekua, twawafundisha kumwacha mwenzao nyuma bila kugeuka.

Jambo hilo haliishii hapo. Mwaka 1997 serikali ya Uganda iliondoa karo katika shule za msingi, na mwaka 2007 mpango kama huo ukaanza katika sekondari. Hata hivyo ngazi ni ndefu: msingi miaka 7, sekondari 6, mbali na chekechea. Katika kila kipandio wako wanaoanguka. Mmoja hukosa sare, mwingine huozwa, mwingine huenda kuchunga ng'ombe. Sisi tulianza Kidato cha Kwanza mwaka 2020, tukiwa wa kwanza katika mtaala mpya. Machi mwaka ule ule shule zikafungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa zote mpaka Januari 10, 2022. Wako wenzetu ambao hawakurudi. Madawati yao yana watu wengine, na majina yao hayaitwi tena.

Wako wasemao kwamba kila mtu na bahati yake, na kwamba kazi ya kiranja ni kengele na usafi. Mimi sikubali. Mtoto wa chekechea hulilia kalamu yake; wa shule ya msingi hushindania namba ya kwanza; hayo ni ya umri wao. Lakini kijana wa miaka 19 ambaye bado huwaza namba yake tu amerefuka, hajakua.

Yafaa tufanye nini? Kwanza, shule inunue majoho ya chekechea, iyatunze kabatini, avae kila mtoto bila malipo. Au yaachwe kabisa. Pili, sisi wa Kidato cha Tano na cha Sita tutoe saa moja kila Jumamosi kuwasomesha watoto wa darasa la nne. Hapo ndipo masomo huanza kuhama kutoka lugha ya nyumbani kwenda Kiingereza, na asiyejua kusoma vizuri hukwama. Tatu, mwanafunzi asipoonekana kwa wiki mbili, kiranja wa darasa ampashe mwalimu habari, na wenzake wawili waende kwao kumjulia hali. Nanyi wanafunzi wa zamani, mnapofikiri kutuletea kikombe kingine cha mpira, kumbukeni kwamba sare moja na madaftari machache huweza kumrudisha mtu darasani. Haba na haba hujaza kibaba.

Siku ya kuhitimu, mgeni wa heshima atauliza tuko wangapi. Ningependa tuweze kumwambia pia ni wangapi tuliowarudisha.

Kiranja Mkuu,
Kidato cha Sita